Namba mbili zikibadilishana nafasi, Tabora inahamia Moroko: Fahamu kwa nini data inahitaji majina

Fungua Google Maps kwenye simu yako, kisha andika namba hizi sehemu ya kutafuta: -5.08, 32.83. Ramani itakupeleka kwenye uwanja wa ndege wa Tabora. Sasa zigeuze: 32.83, -5.08. Safari hii utajikuta Moroko, kwenye milima ya Atlas, kati ya miji ya Khenifra na Midelt.

Hakuna namba iliyokosewa hapo. Zote mbili ni zilezile. Kilichobadilika ni nafasi tu, ipi imetangulia na ipi imefuata, na simu haikukuonya.

Jaribu na vituo vingine vya njia ya zamani ya misafara. Bagamoyo ni -6.44, 38.90. Ukigeuza, unatua Uhispania, kilomita chache kutoka mji wa Mérida. Ujiji ni -4.91, 29.67. Ukigeuza, uko jangwani Sahara, eneo la mpaka wa Moroko na Aljeria.

Kwenye ramani kosa hilo linachekesha, kwa sababu unaliona kwa macho. Ndani ya kompyuta inayopiga hesabu ya mvua ya miaka 40, hakuna ramani ya kutazama. Kinachotoka ni namba tu, na namba ya mvua ya mahali pengine inafanana kabisa na namba ya mvua ya Tabora.

Ndiyo maana watu wanaounda lugha za programu wamekuwa wakibishana kwa miaka kuhusu jambo linaloonekana dogo: je, mtu anayetafuta namba kwenye jedwali aitaje kwa nafasi yake, au kwa jina?

Kwa ufupi
- Jedwali la data linaweza kuwa na pande nyingi: mahali, mwezi, mwaka na kadhalika.
- Lugha nyingi za programu zinakutaka ukumbuke mpangilio wa pande hizo kichwani.
- Ukikosea mpangilio, mara nyingi kompyuta inakupa jibu bila kulalamika.
- Kutumia majina kunapunguza hatari hiyo, ila hakuiondoi yote.

Nani anaumia namba zikikosewa?

Tabora ni eneo la mvua za Msimu. Tofauti na pwani au kaskazini mashariki, kwenye Vuli na Masika, huku mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au wa mahindi wa Sikonge ana nafasi moja tu kwa mwaka. Akikosa hapo, anasubiri Novemba nyingine.

Vipimo vya mvua hukusanywa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Lakini vituo vya kupimia viko mbalimbali, kwa hiyo pengo linazibwa na setilaiti. Data maarufu inaitwa CHIRPS. Imetengenezwa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, pamoja na idara ya jiolojia ya Marekani, USGS. Rekodi zake zinaanzia mwaka 1981, na kila kisanduku chake kina upana wa nyuzi 0.05, yaani karibu kilomita 5.5.

Tanzania pia imo kwenye mpango wa ENACTS, unaoungwa mkono na taasisi ya IRI ya Chuo Kikuu cha Columbia. Mpango huo unachanganya vipimo vya vituo vya nchi na makadirio ya setilaiti ili kupata picha moja.

Data za aina hii hazikai ofisini tu. Zinatumika kutoa tahadhari za njaa, kufanya utafiti wa mbegu, na hata kulipa bima. Kaskazini mwa Kenya, Marsabit, bima ya mifugo inayoangalia ukijani wa malisho kwa setilaiti ilizinduliwa mwaka 2010. Bima kama hiyo haimtumi mtu kwenda kuhesabu mizoga. Kipimo cha eneo kikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, malipo yanatoka.

Maana yake ni kwamba kisanduku kikikosewa, anayestahili kulipwa anaweza kukosa. Na hatajua kwa nini.

Jedwali lenye pande tatu

Iko hivi. Chukua vituo 6 vya njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, ambavyo Tanzania iliviweka mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya UNESCO: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Njia hiyo ina urefu wa karibu kilomita 1,200, na Kwihara iko jirani kabisa na Tabora mjini.

Tuseme una kipimo cha mvua cha kila kituo, kila mwezi, kwa miaka 10, kuanzia 2011 hadi 2020. Hizo ni namba 6 × 12 × 10, jumla 720. Jedwali la namna hii, lenye pande zaidi ya moja, waandishi wa programu huliita arei. Kila upande wake ni mhimili. Hapa mihimili ni mitatu: kituo, mwezi na mwaka.

Sasa unataka mvua ya Ujiji, Aprili, mwaka 2015. Kwenye lugha ya Python, ukitumia maktaba maarufu ya NumPy, unaandika:

mvua[5, 3, 4]

Mbona 5 wakati Ujiji ni kituo cha 6? Kwa sababu Python inaanza kuhesabu na sifuri. Bagamoyo ni 0, Ujiji ni 5. Januari ni 0, Aprili ni 3. Mwaka 2011 ni 0, 2015 ni 4.

Kwa Mswahili hapo kuna mtego wa ziada. Wengi wetu tunaita miezi kwa namba: mwezi wa nne ni Aprili, mwezi wa sita ni Juni. Mtu akiandika 4 akiwaza mwezi wa nne, kompyuta inampa Mei. Ni kama ilivyo kwenye saa: saa 3 asubuhi ya Tabora ni 09:00 kwenye simu na 06:00 kwa saa ya kimataifa. Wakati ni mmoja, namba ni tatu. Bila kusema unahesabu kwa utaratibu gani, namba peke yake haina maana.

Kosa lisilopiga kelele

Sasa geuza namba mbili za mwanzo kwa bahati mbaya:

mvua[3, 5, 4]

Kompyuta haisemi kitu. Inakupa mvua ya Kilimatinde, mwezi Juni, mwaka 2015. Kilimatinde ipo wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, na Juni ni kiangazi. Ulitaka mvua ya Aprili kando ya Ziwa Tanganyika, umepewa ukavu wa Juni katikati ya nchi.

Wakati mwingine kosa linajifichua. Ukiandika namba 11 kwenye mhimili wa mwaka, ambao una nafasi 10 tu, programu inasimama na kutoa onyo. Lakini hiyo ni bahati. Inategemea kama mihimili ina urefu tofauti.

Na hapa Tanzania ina bahati mbaya ya umbo. Ukikata data ya CHIRPS ipatikane nchi nzima, unaweza kuchukua kuanzia ikweta hadi nyuzi 12 kusini, na kuanzia nyuzi 29 hadi 41 mashariki. Hizo ni nyuzi 12 kwa 12. Kwa visanduku vya nyuzi 0.05, unapata jedwali la mraba kamili: mistari 240 kwa safu 240.

Kwenye jedwali la mraba, kompyuta haiwezi kamwe kugundua kwamba umegeuza. Tukihesabu mistari kutoka kusini na safu kutoka magharibi, uwanja wa ndege wa Tabora unaangukia mstari wa 138, safu ya 76. Geuza uandike mstari wa 76, safu ya 138, na unapelekwa kwenye milima ya Udzungwa, kama kilomita 50 kusini mashariki mwa Iringa mjini.

Bado uko Tanzania. Bado unapata milimita za mvua. Hakuna kitu kinachoonekana cha ajabu. Hilo ndilo kosa baya kuliko la Moroko, kwa sababu la Moroko lingekushtua.

Kuna na kosa la mwelekeo. Faili nyingine huhesabu mistari kutoka kusini, nyingine kutoka kaskazini. Jedwali zima la CHIRPS lina mistari 2,000, kutoka nyuzi 50 kusini hadi 50 kaskazini. Ukihesabu kutoka kusini, Tabora iko mstari wa 898. Tumia 898 hiyohiyo kwenye faili inayohesabu kutoka kaskazini, utavuka ikweta na kutua Sudan Kusini, kaskazini mwa mji wa Torit.

Suluhisho: ita kwa jina

Wazo la kutumia majina si geni. Faili za netCDF, zinazobeba data nyingi za hali ya hewa, huandika majina ya mihimili ndani ya faili lenyewe. Shida ilikuwa kwamba data ikishaingia kwenye programu, majina yalikuwa yanadondoka njiani na kubaki namba tupu.

Mwaka 2014 ilitolewa maktaba ya Python iliyoitwa xray. Ilianzia kwenye kampuni ya Marekani ya Climate Corporation, ambayo kazi yake ilikuwa hali ya hewa na bima ya mazao, na mmoja wa waasisi wake ni Stephan Hoyer. Mwaka 2016 ilibadilishwa jina na kuitwa xarray. Leo inatumika sana na watafiti wa tabianchi.

Kwa xarray, lile swali la Ujiji linaandikwa hivi:

mvua.sel(kituo="Ujiji", mwezi="Aprili", mwaka=2015)

Soma kwa sauti. Mtu ambaye hajawahi kuandika programu anaelewa kinachotafutwa. Na ukianza na mwaka, ukamalizia na kituo, jibu ni lilelile:

mvua.sel(mwaka=2015, mwezi="Aprili", kituo="Ujiji")

Angalia kuna mambo mawili tofauti yamefanyika hapo. La kwanza, mhimili umepata jina: kituo, mwezi, mwaka. La pili, kila nafasi ndani ya mhimili imepata lebo: Ujiji, Aprili, 2015. Unaweza kuwa na la kwanza bila la pili. Xarray ina njia nyingine, isel, ambapo unataja mhimili kwa jina lakini nafasi kwa namba, mfano kituo=5.

Kiswahili kinafanya hivi kila siku

Anayezungumza Kiswahili anaijua mbinu hii tayari. Chukua sentensi: Asha amekinunua kitabu. Sasa ivuruge: Kitabu Asha amekinunua. Ivuruge tena: Amekinunua Asha kitabu. Maneno yamehama, lakini hakuna anayefikiri kitabu ndicho kilichomnunua Asha.

Kwa nini? Kwa sababu ndani ya kitenzi kuna vibandiko. A- inamwelekea Asha, -ki- inakielekea kitabu. Kila kibandiko kinajua mwenyewe ni nani. Lugha kama Kiingereza inategemea zaidi mpangilio: ukibadilisha nafasi ya maneno, maana inageuka.

Arei ya kawaida inafanya kazi kama Kiingereza, nafasi ndiyo maana. Arei yenye majina inafanya kazi kama kitenzi cha Kiswahili: kila namba inakuja na kibandiko chake.

Mzozo wa mabano

Sasa hapa ndipo inapoingia sintaksia, yaani kanuni za namna ya kuandika maelekezo kwenye lugha ya programu. Kuna kitu cha kushangaza kwenye mfano wa xarray. Kwa kawaida, ukitaka kitu ndani ya arei unatumia mabano ya mraba. Xarray inatumia neno sel na mabano ya duara. Kwa nini isiandikwe tu hivi?

mvua[kituo="Ujiji", mwezi="Aprili"]

Jibu: Python haikubali. Ukiandika hivyo inakurudishia kosa la sintaksia kabla hata ya kuanza kazi. Alama ya = inaruhusiwa ndani ya mabano ya duara ya kuita kazi, lakini si ndani ya mabano ya mraba.

Watu walijaribu kubadilisha. Mwaka 2014 liliandikwa pendekezo rasmi namba 472 la kuruhusu majina ndani ya mabano ya mraba. Lilikaa miaka, likakataliwa 2019. Mwaka 2020 likaja pendekezo jipya lililoboreshwa, namba 637. Mwaka 2021 Baraza la Uongozi la Python likalikataa nalo, kwa hoja kwamba faida yake haikutosha kulipia ugumu ambao ungeongezeka kwenye lugha.

Hoja ya baraza si ya kupuuza. Kila kanuni mpya inabidi ifundishwe, itunzwe, na ifanye kazi na mamilioni ya programu zilizokwisha kuandikwa. Wanaotumia arei za pande nyingi ni sehemu tu ya watumiaji wa Python.

Lakini gharama ya kukataa ipo pia, na inabebwa na mtumiaji. Ukitaka kusoma namba kwa xarray, unatumia sel na mabano ya duara. Ukitaka kuandika namba mpya mahali pale pale, njia hiyo haifanyi kazi, kwa sababu Python hairuhusu kuweka thamani kwenye kazi iliyoitwa. Inabidi uandike hivi:

mvua.loc[dict(kituo="Ujiji", mwezi="Aprili")] = 140

Namba 140 hapo ni ya mfano tu. Ishu ni kwamba kusoma kuna sura moja na kuandika kuna sura nyingine, kwa kazi ambayo kichwani ni moja. Anayejifunza hukwama hapo.

Lugha ya Julia ilichukua njia nyingine. Yenyewe inaruhusu majina ndani ya mabano ya mraba, na maktaba yake ya NamedDims inatumia ruhusa hiyo. Kwenye upande wa akili mnemba, PyTorch ilileta arei zenye majina mwaka 2019, toleo la 1.3, ikizitangaza kama jaribio. Mwaka huohuo mtafiti Alexander Rush alikuwa ameandika makala akilalamikia mtindo wa kutegemea mpangilio. Mwaka 2021 yeye, David Chiang na Boaz Barak walitoa pendekezo la kutumia majina hata kwenye kuandika hisabati yenyewe.

"Hadi Aprili" inaishia wapi?

Mbunifu wa sintaksia anakutana na maswali mengine ambayo kwa nje ni madogo. Moja ni hili: ukisema kuanzia Novemba hadi Aprili, je, Aprili imo?

Muulize mtu yeyote Tabora, atakwambia imo. Msimu unaisha Aprili ikiisha. Lakini Python, ukitumia namba, huacha ya mwisho nje.

Tuseme miezi yote 120 imepangwa mfululizo kuanzia Januari 2011. Novemba 2019 ni nafasi ya 106, na Aprili 2020 ni nafasi ya 111. Ukiandika 106:111 unapata miezi 5 tu, mpaka Machi. Ili Aprili iingie inabidi uandike 106:112. Mwezi mzima wa mvua unaweza kupotea kwenye hesabu ya msimu kwa kosa la namba moja.

Xarray iliamua kwamba ukitumia lebo, mwisho unahesabiwa ndani:

mvua.sel(muda=slice("2019-11", "2020-04"))

Hapo Aprili imo, mpaka siku ya mwisho. Uamuzi huo unafanana na watu wanavyozungumza. Ubaya wake ni kwamba sasa kuna kanuni mbili kwenye programu moja: ya namba inaacha mwisho, ya lebo inauchukua. Lazima ukumbuke uko kwenye ipi.

Majina nayo yana mitego

Usidhani ukishaweka majina umemaliza. Majina yanafaa pale tu watu wanapokubaliana.

Tabora yenyewe ni mfano. Richard Burton na John Speke walipofika mwaka 1857, waliandika kwamba wako Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe. Leo ukitafuta Kazeh kwenye jedwali la vituo vya hali ya hewa, hupati kitu. Mtu anayeunganisha kumbukumbu za zamani na data ya sasa lazima kwanza aandike mahali: Kazeh ya wakati ule ndiyo Tabora ya leo.

Kwenye data za kisasa tatizo ni lilelile. Faili moja inaita mhimili lat, nyingine latitude. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni majina mawili. Afadhali hapa kosa linapiga kelele: ukitaja mhimili usiokuwepo, programu inasimama. Ndiyo maana wataalamu wa tabianchi wana kanuni za pamoja za kutaja vitu, zinazojulikana kama CF.

Hata mpangilio wa latitudo na longitudo haujakubaliwa duniani. Google Maps inataka latitudo kwanza. Muundo wa GeoJSON, kwa kiwango chake cha mwaka 2016, unataka longitudo kwanza. Unaponakili namba kutoka huku kwenda kule, usipoweka majina ndiyo unaiona Moroko.

Na kuna mtego mmoja mbaya zaidi. Xarray inakuruhusu kuomba kisanduku kilicho karibu zaidi na sehemu unayoitaka:

mvua.sel(latitudo=-5.08, longitudo=32.83, method="nearest")

Lakini ukijichanganya ukaandika latitudo=32.83, longitudo=-5.08 kwenye lile jedwali la Tanzania la 240 kwa 240, haitakataa. Itatafuta kisanduku cha karibu zaidi ilichonacho, nacho kiko kwenye kona ya kaskazini magharibi: Kivu Kaskazini, Kongo, magharibi mwa Ziwa Edward. Jina lilikuwepo, thamani ndiyo iliwekwa kwenye jina lisilo lake.

Dawa yake ipo. Ongeza kikomo cha umbali, tolerance=0.05, na programu itakataa kama hakuna kisanduku cha jirani kiasi hicho.

Je, majina yanapunguza kasi?

Ndiyo, kidogo. Kutafuta kwa lebo ni kazi zaidi kuliko kwenda moja kwa moja kwenye nafasi. Ukiuliza mara moja huoni tofauti. Ukiuliza namba moja moja mara milioni ndani ya mzunguko, utaiona.

Njia ya kawaida ni kutumia majina mlangoni: chagua eneo na kipindi kwa majina, hakikisha umepata unachotaka, halafu fanya hesabu kwa mkupuo mmoja. Hapo majina yanasaidia tena. Ukitoa wastani wa miaka mingi kutoka kwenye mvua ya mwaka huu, xarray inalinganisha mihimili kwa majina, hata kama jedwali moja limeanza na kituo na jingine limeanza na mwezi.

Mambo 5 ya kukagua kabla ya kuamini namba

Kama unasoma chuo, unafanya kazi kwenye mradi wa kilimo au unajifunza programu mwenyewe, pitia haya:

1. Tabora iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yake lazima iwe na alama ya kutoa. Kwa Tanzania, latitudo ni kati ya 0 na -12, longitudo kati ya 29 na 41. Namba ikitoka nje ya hapo, simama.

2. Chapisha majina ya mihimili na mwanzo na mwisho wa kila mmoja kabla ya kuanza hesabu. Angalia kama latitudo inapanda au inashuka.

3. Jaribu sehemu mbili unazozijua. Tabora mwezi Julai inatakiwa iwe kavu. Ikionyesha mvua kubwa, haupo Tabora.

4. Ukitumia utafutaji wa kisanduku cha karibu, weka kikomo cha umbali.

5. Unapompa mwenzako data, mpe na majina. Jedwali la namba tupu linategemea kumbukumbu yako, na wewe hutakuwepo siku atakapolifungua.

Hilo la tano ndilo kiini cha mjadala wote wa sintaksia. Anayeandika programu leo anakumbuka mhimili upi umeanza. Baada ya miezi sita amesahau, na aliyerithi kazi yake hakuwahi kujua. Lugha ya programu inayorahisisha kutaja majina inamsaidia huyo wa pili, na kupitia kwake, inamsaidia mkulima wa Urambo ambaye hataiona hiyo programu hata siku moja.